KWA NINI BOLTI HUGOMA?
Sayansi ya kubadili bushi ya springi katika gari kuukuu

Mwalimu wa fizikia anapofundisha msuguano, aghalabu huburura kipande cha ubao juu ya meza na kusoma mizani ya springi. Mwalimu wa kemia anapofundisha kutu, huweka misumari katika chupa za maji na kusubiri juma moja. Wanafunzi huandika majibu katika madaftari yao na kufaulu mitihani, lakini masomo hayo mawili hukaa mbalimbali vichwani mwao, kana kwamba msuguano na kutu havijapata kukutana. Kumbe hukutana kila siku uvunguni mwa magari yetu, na hapo vinapokutana ndipo fundi hutokwa jasho na kusema: "Bolti imegoma."

Makala haya yanaeleza kwa nini bolti ya zamani hugoma, na namna ya kuifungua nyumbani bila kuivunja. Mfano tutakaoutumia ni kazi iliyo mashuhuri kwa ukaidi wake: kubadili bushi ya springi ya nyuma katika Landrova ya zamani. Kazi hiyo niliifanya kijijini Mitole, na mara ya kwanza niliifanya vibaya.

GARI LA MITOLE

Mitole ni kijiji cha Wilaya ya Kilwa, katika Mkoa wa Lindi. Watu wazima wa sehemu hizi wanakumbuka vizuri thamani ya gari gumu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi ilitegemea kivuko katika Mto Rufiji, na wakati wa mvua nyingi njia ilikuwa ikikatika. Gari lililoweza kupita katika matope, na kutengenezwa kwa nyundo na spana chache, lilipendwa kuliko gari zuri.

Landrova ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ile ya mjomba wangu ni ya aina iliyotengenezwa baina ya mwaka 1971 na 1985. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, ambayo haishiki kutu, lakini chasisi, ekseli na springi zake ni za chuma. Mchana gari hilo huteremka pwani kuchukua samaki na chumvi. Usiku, mtu akizidiwa, ndilo huamshwa kumpeleka hospitali.

Katika likizo moja nililikuta linalia. Kila lilipopita kwenye shimo ulisikika mgongano uvunguni upande wa kushoto, na breki zilipokanyagwa gari lilivuta kando. Mjomba alikwisha tambua kwamba bushi ya nyuma ya springi ya kushoto imekwisha. Nilijitolea kuibadili. Nilikuwa nimesoma makanika ng'ambo kwa miaka mingi, na niliona kwamba bolti moja haiwezi kunishinda. Nilifungua nati, nikatia spana kwenye kichwa cha bolti, na ilipokataa kuzunguka nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kulalia kwa uzito wangu wote. Ulisikika mlio kama wa ukuni mkavu, kichwa cha bolti kikaanguka mchangani, na mwili wake ukabaki ndani.

Mjomba akaniambia kwa upole, "Mjomba, bolti umeishinda, lakini gari halijapona."

Kazi ambayo ingechukua saa chache ilichukua siku mbili. Katika siku hizo mbili mama mjamzito wa jirani alishikwa na uchungu usiku, akapelekwa hospitali kwa pikipiki katika njia yenye matope. Alifika salama na kujifungua salama; lakini tangu hapo sijaweza kuiona bolti iliyogoma kuwa ni jambo dogo.

BUSHI NI NINI?

Springi za Landrova za aina hii ni mabamba marefu ya feleji yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Bamba la juu kabisa limekunjwa ncha zake kuwa matundu ya mviringo yanayoitwa macho. Jicho la mbele hufungwa kwenye chasisi kwa bolti. Jicho la nyuma huning'inizwa kwa viungo viwili vifupi vya chuma, kimoja kila upande, vinavyoweza kubembea. Maana springi inapolemewa hunyooka na kurefuka, na isingekuwa na nafasi ya kurefuka ingevunjika.

Ndani ya kila jicho hukaa bushi. Bushi hii ni mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake kuna mpira ulioshikamana na mirija yote miwili. Mrija wa nje hushindiliwa ndani ya jicho hadi ukabana. Bolti hupita ndani ya mrija wa ndani. Gari linapopanda na kushuka mirija haisuguani. Mpira ndio unaojisokota na kujisokotoa. Hivyo bushi hufanya kazi miaka mingi bila kupakwa grisi.

Lakini mpira huzeeka. Joto, mafuta na hewa huufanya mgumu, ukapasuka na kuachana na chuma. Ndipo mirija huanza kugongana, ekseli hupata nafasi ya kusogea mbele na nyuma, na gari huvuta upande mmoja. Bushi iliyokwisha haiudhi masikio tu. Ikiachwa muda mrefu, chuma hula chuma, bolti hukonda, na siku moja inaweza kukatika gari likiwa na watu.

MAMBO MATATU YANAYOISHIKA BOLTI

Tunaposema bolti imegoma, tunataja matokeo, si sababu. Sababu ni tatu, na kila moja ina dalili zake na dawa yake.

Kwanza ni msuguano. Hesi za bolti ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo. Tuchukue bolti ya kipenyo cha milimita 14, ambayo kwa kila mzunguko mmoja hupanda milimita 2. Katikati ya kina cha hesi mzingo wake ni karibu milimita 40. Basi mteremko wake ni 2 kwa 40, yaani 0.05. Kizigeu cha msuguano baina ya chuma na chuma kilichopakwa mafuta kidogo ni karibu 0.15. Kwa kuwa msuguano ni mkubwa kuliko mteremko, bolti haiteremki yenyewe, kama vile sanduku lisivyoteremka kwenye ubao uliolazwa kidogo tu. Msuguano, basi, si adui. Ndio unaoizuia nati isitoke njiani. Tunapokaza bolti, karibu sehemu 9 katika 10 za juhudi yetu huliwa na msuguano wa hesi na wa kichwa, na sehemu 1 tu ndiyo inayovuta bolti na kubana vitu pamoja.

Hapa kuna jambo ambalo mwanafunzi anafaa kulitafakari. Tunapokaza tunapanda mteremko, tunapolegeza tunauteremka. Kwa hiyo bolti safi hufunguka kwa juhudi ndogo kuliko ile iliyoifunga. Ikidai juhudi kubwa zaidi, ni dalili kwamba kuna kitu kimeongezeka ambacho hakikuwapo siku ya kufunga.

Pili, kitu hicho ni kutu. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, atomu zake hupoteza elektroni na kuingia katika maji. Elektroni hizo hupokewa mahali pengine na oksijeni. Na mwisho wa mabadiliko hayo ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji. Ujazo wa kutu ni mkubwa kuliko ujazo wa chuma kilicholiwa, kuanzia mara 2 hadi mara 6 hivi. Juani, kutu hiyo huvimba na kupukutika. Lakini ndani ya mrija wa bushi, ambamo bolti imebakiwa na nafasi nyembamba kama karatasi, haina pa kwenda. Huijaza nafasi yote, kisha ikasukuma pande zote, ikawa kama kabari iliyopigwa kwa miaka kumi bila kupumzika.

Tatu ni umbo lililoharibika. Bolti iliyofanya kazi ndani ya bushi iliyokwisha huweza kupinda, au kuchimbika katikati, au kupondeka hesi zake. Bolti ya namna hii haishikwi na msuguano wala kutu, bali na umbo lake, na mafuta hayataisaidia.

Namna ya kutambua ni hii. Bolti ikizunguka kidogo kisha ikarudi kama inayovutwa na springi, imeshikamana na mrija wa ndani, na kinachoirudisha ni mpira wa bushi. Isipocheza hata kidogo, aghalabu kutu imeshika hesi. Ikizunguka vizuri kisha ikabana tena baada ya mizunguko kadhaa, shuku hesi zilizopondeka. Kama ningalitazama kwa makini siku ile Mitole, ningaliona kwamba bolti yangu ilizunguka kidogo na kurudi. Ilinijibu, lakini sikuielewa.

CHUMVI HAILALI

Kwa nini magari ya Kilwa na Lindi hushika kutu upesi kuliko ya Dodoma? Jibu ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na kwa hiyo mwendo wa elektroni na ayoni tulioueleza huwa wa kasi. Aidha, ayoni za kloridi huharibu utando mwembamba wa oksidi ambao ungekinga chuma.

Chumvi ina tabia nyingine isiyofahamika kwa wengi. Hewa ikibeba zaidi ya asilimia 75 ya mvuke unaoweza kubebwa kwa joto lile, chembe ya chumvi safi huvuta mvuke huo hadi ikayeyuka yenyewe. Usiku wa pwani hewa hufikia kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo gari lililokauka mchana huanza kulowa upya usiku, bila tone la mvua, mahali pale ambapo chumvi imekaa. Wenye gari wamelala, chumvi hailali.

Gari halihitaji kulazwa ufukweni ili lipatwe na mambo haya. Gari la mjomba hulala Mitole, lakini limebeba samaki na magunia ya chumvi kwa miaka mingi, na maji yake yamechuruzika kwenye sakafu hadi chasisi na springi. Limejiletea pwani yake nyumbani. Dawa ya kwanza, basi, ni nafuu kabisa: baada ya kila safari ya samaki au chumvi, osha uvungu wa gari kwa maji baridi mengi, kisha uliache mahali penye upepo likauke.

HESABU YA BOMBA REFU

Sasa turudi kwenye kosa langu. Spana ni wenzo. Kani ya nyutoni 600, ambayo mtu mzima huweza kuitoa kwa kuegemeza uzito wake, ikitumika kwenye spana ya urefu wa mita 0.3 hutoa msokoto wa nyutoni-mita 180. Ukichomeka bomba na urefu ukawa mita 1.2, kani ileile hutoa:

600 × 1.2 = nyutoni-mita 720.

Mkono hauhisi tofauti yoyote, lakini bolti inasokotwa mara 4 zaidi. Huo ni msokoto ambao bolti ya kawaida ya milimita 14 haiwezi kuustahimili.

Tena, bolti yenyewe si ile iliyotoka kiwandani. Uwezo wa nguzo ya mviringo kustahimili msokoto hutegemea kipenyo chake kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kutu ikipunguza kipenyo kutoka milimita 14 hadi 12, uwezo uliobaki ni:

(12 × 12 × 12) ÷ (14 × 14 × 14) = 1728 ÷ 2744 = 0.63.

Kipenyo kimepungua kwa sehemu 1 katika 7 tu, lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi. Bomba refu huongeza kani wakati uleule ambapo kutu imepunguza uwezo. Kuvunjika si bahati mbaya. Ni matokeo ya hesabu.

NAMNA YA KUFUNGUA

Kabla ya spana kuguswa, hapana budi kulitia gari mahali pa salama. Simamisha gari kwenye ardhi tambarare na ngumu, na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mti, mbele na nyuma yake. Inua kwa jeki, kisha uitegemeze chasisi juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Usitumie matofali ya saruji: hustahimili kugandamizwa taratibu, lakini hupasuka ghafla. Jeki hutumika kuinua na kuteremsha ekseli. Haikuumbwa kulinda maisha ya mtu. Asiingie mtu yeyote chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Kinga macho pia, kwa maana kutu hudondoka.

Baada ya hayo, fuata utaratibu huu.

1. Sugua hesi zinazoonekana kwa brashi ya waya. Uchafu ulio nje ya nati utakwama ndani yake nati inapotoka.

2. Tia mafuta mepesi. Dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo yanafaa yasipopatikana mafuta maalumu. Kioevu chepesi huvutwa katika nafasi finyu kama vile mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, hata kama ni kupanda juu. Lakini nafasi ikiwa finyu mwendo ni wa polepole. Tia jioni, rudia usiku, rudia asubuhi. Hapa muda ni chombo cha kazi sawasawa na spana.

3. Gonga. Pigo la nyundo kwenye kichwa cha bolti, kikiwa kimekingwa kwa kipande cha shaba nyeupe au chuma laini, hufanya kazi ambayo spana haiwezi. Kutu hustahimili kubanwa lakini ni dhaifu kwa mshtuko. Hupata nyufa, na mafuta huingia katika nyufa hizo. Mapigo mengi ya wastani ni bora kuliko pigo moja kubwa.

4. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Ikitoka robo ya mzunguko, irudishe nusu ya robo hiyo, tia mafuta, uendelee. Kwa kwenda na kurudi, unga wa kutu husagika na kutoka badala ya kujazana mbele ya hesi.

5. Kumbuka umbile la gari lako. Katika Landrova nyingi za aina hii, kimoja cha viungo viwili vya nyuma kimechongwa hesi ndani yake, na nati iliyo nje ni ya kukazia tu. Ukitoa nati ukadhani bolti iko huru, kisha ukaipiga nyundo, utaharibu hesi. Bolti hutolewa kwa kuzungushwa.

6. Joto hutumika pale tu panapofaa. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Tundu la milimita 14 likipashwa joto kwa nyuzi 300 hutanuka:

14 × 0.000012 × 300 = milimita 0.05.

Wanafunzi wengi hudhani tundu litapungua kwa kuwa chuma kinatanuka kuelekea ndani. Sivyo: tundu hutanuka kana kwamba limejazwa chuma hichohicho. Milimita 0.05 ni kama unene wa unywele mwembamba, nayo huweza kutosha kuuvunja mshiko wa kutu. Lakini usipashe moto karibu na tangi la mafuta, mabomba ya breki au mpira. Bushi ni ya mpira. Ukiichoma hutoa moshi wenye sumu, na moto uvunguni mwa gari umekwisha teketeza magari mengi.

Ikiwa hayo yote hayakufaa, usitafute bomba. Tafuta msumeno wa chuma. Bolti na bushi ni vitu vya kutupwa; springi na chasisi ndivyo vya kuhifadhiwa. Ndivyo tulivyofanya Mitole hatimaye. Tulikata bolti pamoja na mrija wa ndani pande zote mbili, baina ya jicho la springi na viungo vyake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kipande kwa kipande, lakini haikuhitaji nguvu ya ajabu wala haikuharibu chochote kisichokuwa cha kutupwa.

KUTOA NA KUTIA BUSHI

Springi ilipokuwa huru, bushi ilibaki ndani ya jicho. Tuliutoboatoboa mpira kwa keekee na kuukata kwa kisu, mrija wa ndani ukatoka na kipande cha bolti ndani yake. Ukabaki mrija wa nje, umebana kama pete kwenye kidole kilichovimba.

Mrija huo hushikwa na mgandamizo wake wenyewe: ulishindiliwa katika tundu dogo kidogo kuliko wenyewe, na kila sehemu ya mzingo wake inaisukuma jirani yake. Ukikata mfereji mmoja wa kwenda urefu wake, mnyororo huo wa kusukumana hukatika. Fungua ubao wa msumeno, upitishe katika tundu, uufunge tena, kisha ukate kwa utulivu hadi ukaribie kufika kwenye jicho, bila kulijeruhi. Baada ya hapo tindo ndogo na mapigo machache hutosha. Mrija uliokataa nyundo nzito kwa saa nzima ulitoka kwa mapigo saba.

Kutia bushi mpya kunahitaji kani kubwa iliyo sawa pande zote. Gereji kubwa zina mashine ya kushindilia. Nyumbani tunaitengeneza kwa parafujo. Safisha jicho, upake mafuta kidogo. Pitisha fito ndefu ya chuma yenye hesi katika bushi na katika jicho. Upande mmoja weka bamba linalogusa ukingo wa mrija wa nje peke yake, na upande wa pili weka kipande cha bomba chenye upana wa kuipokea bushi. Kaza nati taratibu.

Tukadirie kani yake. Hesi zikipanda milimita 2 kwa mzunguko, na mpini wa spana ukiwa milimita 300, mkono hutembea 2 × 3.14 × 300, yaani milimita 1,884, ili nati isogee milimita 2. Uwiano ni 942. Tukikadiria kwamba msuguano unakula sehemu 9 katika 10, hubaki 94. Basi mkono ukivuta kwa nyutoni 200, bushi husukumwa kwa nyutoni 18,800, ambazo ni karibu uzito wa tani mbili. Hapa wenzo na parafujo vinatumika kwa kufuata tabia ya chuma, si kwa kushindana nayo.

FUNGA KWA AJILI YA ATAKAYEFUNGUA

Bushi ikishaingia, wengi huona kazi imekwisha. Kumbe makosa mawili makubwa hufanywa saa hii ya mwisho.

Kosa la kwanza ni kukaza bolti gari likiwa bado limeinuliwa. Tumeona kwamba mpira wa bushi hufanya kazi kwa kujisokota. Springi ikiwa inaning'inia bila uzito, kiungo hukaa katika pembe isiyo ya kawaida. Ukikaza hapo, mrija wa ndani unashikwa katika pembe hiyo. Gari likiteremshwa mpira unasokotwa tangu dakika ya kwanza na kubaki hivyo usiku na mchana. Bushi mpya ya namna hiyo hupasuka kabla ya wakati wake. Funga bolti kwa kulegea, teremsha gari likae juu ya magurudumu yake, lisukume mbele na nyuma mara chache, kisha ndipo ukaze.

Kosa la pili ni kufunga chuma kikavu juu ya chuma kikavu. Paka grisi mwili wote wa bolti mpya na hesi zake. Grisi haiizuii bolti kukaza. Hujaza ile nafasi nyembamba ambayo vinginevyo ingejazwa na maji ya chumvi. Ila ukumbuke kwamba grisi hupunguza msuguano, na kwa hiyo juhudi ileile ya spana huivuta bolti kwa kani kubwa zaidi. Usikaze kupita kiasi. Baada ya siku chache za safari, kagua tena.

Bolti iliyonivunjikia Mitole haikuwa na alama ya grisi hata moja. Aliyeifunga alikuwa na haraka, na haraka yake ikaja kulipwa na watu asiowajua, miaka mingi baadaye, usiku wa mvua.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuunganisha fizikia na kemia kwa jaribio lisilo na gharama kubwa. Tafuteni bolti na nati tatu mpya za milimita 10, kipande cha chuma chenye matundu matatu, spana, jiliwa ya kushikilia na mizani ya springi.

Funga mizani kwenye mpini wa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, na mkaze kila nati kwa kuvuta nyutoni 30 kwa pembe mraba. Bolti ya kwanza na ya pili zifungwe kavu. Ya tatu ipakwe grisi. Mara tu baada ya kukaza, ifungueni bolti ya kwanza na kuandika kani iliyohitajika. Ya pili na ya tatu ziloweshwe kila jioni kwa maji yenye gramu 35 za chumvi katika lita moja, na kuachwa zikauke mchana, kwa muda wa majuma manne. Kisha zifungueni na kuandika kani ya kila moja. Mizani ikifika mwisho wa kipimo chake kabla ya nati kulegea, simameni hapo na kuandika hivyo, msiilazimishe.

Wanafunzi wajibu maswali haya. Je, bolti ya kwanza ilifunguka kwa kani ndogo kuliko nyutoni 30? Kwa nini? Tofauti baina ya bolti ya pili na ya kwanza imetokana na nini? Na grisi imezuia kitu gani: maji, oksijeni, au vyote viwili? Hatimaye watie mafuta mepesi katika bolti iliyogoma, waiache usiku mmoja, na kuipima tena. Tarakimu hizo wakizipata kwa mikono yao wenyewe, hawatazisahau.

MWISHO

Mafundi wetu hawakosi akili wala mikono. Miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu nchini kote, wao ndio walioyafanya magari yaendelee kutembea. Kinachokosekana mara nyingi ni daraja baina ya ujuzi wao na yale tunayofundisha madarasani. Fundi anayejua kwamba bolti inayorudi imeshikwa na mpira anajua fizikia, ingawa hakuambiwa jina lake. Na mwanafunzi anayeweza kukokotoa msokoto, lakini hajui wakati wa kuweka bomba chini, elimu yake bado haijakamilika. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo, nikiwa na shahada tatu.

Gari la mjomba linatembea. Bolti zake zote za springi sasa zimepakwa grisi, na kila linaporudi kutoka pwani huoshwa uvungu kabla ya kulala. Siku moja bushi hizi nazo zitakwisha, maana hakuna mpira usiozeeka. Atakayekuja kuzibadili, awe nani, atatia spana na bolti itazunguka. Hatajua kwamba mtu alimfikiria, na wala hahitaji kujua.